Mkabidhi Kijana Safari



Shule zikifungwa Desemba, fika stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza. Utakuta watu wamekaa juu ya mizigo: mifuko ya mchele, magodoro yaliyokunjwa, majiko ya gesi, ndoo zilizofungwa kwa kanga. Mabasi ya Moshi na Arusha yameshauza viti vyote siku nyingi nyuma. Mchaga anarudi kihambani kwao, Mhaya anakwenda Bukoba, Mnyakyusa anateremka Tukuyu. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema Watanzania hatuna utamaduni wa kutembea, simwelewi. Tunatembea sana. Tunasafiri kwa Krismasi na kwa Idi, kwa harusi, kwa msiba, kwa mahafali, kwa kumtoa mwali. Hata nyumba yenye kipato kidogo hujibana ikapata safari moja ya maana.

Ninachotaka tuzungumze jioni ya leo ni nafasi ya kijana ndani ya safari hizo. Nikisema kijana, nina maana ya yule wa miaka kumi na minne, kumi na sita, kumi na nane, ambaye bado anakaa kwa wazazi. Yeye huambiwa usiku wa kuamkia safari: kesho tunatoka saa kumi alfajiri, lala mapema. Hajui nauli ni kiasi gani. Hajui basi linapita wapi. Hajui kwa nini tunakwenda kwa babu huyu na yule hatumpitii. Anapanda, anaweka vifaa vyake masikioni, analala. Akifika anaamkia wakubwa, anapewa chakula, anapigwa picha, anarudishwa. Muulize wiki moja baadaye amepita mikoa gani, atakutajia mahali basi liliposimama watu wakala chipsi.

Halafu tunasema vijana wa siku hizi hawana habari na nchi yao. Watazipataje habari hizo, ikiwa kila safari tumewafanyia sisi, tangu kukata tiketi mpaka kuuliza njia?

Rai yangu ni hii: safari ya familia akabidhiwe kijana. Simaanishi safari ya msiba, wala ile ya kumpeleka mgonjwa Muhimbili. Namaanisha matembezi, ile siku au zile siku mbili ambazo familia imeamua kutoka kwa ajili ya kutoka tu. Bajeti ataambiwa na wazazi. Yanayobaki ni yake: achague mahali, aulize nauli na viingilio, apange saa za kutoka na kurudi, ashike fedha na daftari la matumizi, na mkifika, yeye ndiye mwenye kuzungumza na wenyeji. Wazazi wabaki wazazi, wenye haki ya kusema hapana penye hatari. Penginepo wamfuate.

Naishi na binti wa dada yangu, mwanangu kabisa kwa desturi zetu, na yeye huniita mama mdogo. Alipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, alikuwa na kile kipindi kirefu ambacho kila mzazi anakijua, cha kusubiri matokeo, kisha kusubiri kupangiwa shule, mpaka kidato cha tano kifunguliwe Julai. Ni miezi mingi ya kukaa ndani na simu. Nikamwambia: tuna kiasi fulani cha fedha, tupo watu sita pamoja na bibi yako na wadogo zako, tupeleke mahali tuende na kurudi siku hiyo hiyo.

Alichagua Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, na sisi wakubwa wote tulikuwa tumeshafika huko, kwa harusi na kwa semina. Moyoni nilitamani angechagua pengine. Nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshasema safari ni yake.

Siku chache alizokuwa akipanga zilinifurahisha pengine kuliko safari yenyewe. Alipiga simu. Aliuliza mabasi madogo yanaondokea wapi, akaambiwa Makumbusho. Aliuliza bajaji kutoka mjini Bagamoyo mpaka magofu ya Kaole wanachukua kiasi gani, akapewa bei tatu tofauti na watu watatu, akaandika zote. Alipojumlisha akaona fedha hazitoshi kwenda kila mahali. Wadogo zake walitaka kuona mamba wanaofugwa karibu na Kaole. Akawaeleza kwa hesabu kwamba mamba watasubiri. Mume wangu alitaka tule mchana katika hoteli moja ya ufukweni. Akamfungulia daftari: "Baba mdogo, chakula cha watu sita hapo ni nauli yetu ya kwenda na kurudi. Tutakula samaki sokoni." Mume wangu akasoma ule ukurasa mara mbili, akakubali. Mtoto aliyewahi kumwonyesha baba hesabu zake, na baba akakubali kwa sababu hesabu ni sahihi, amepata kitu ambacho shule itahangaika kumpa.

Tulitoka asubuhi. Tegeta, Boko, Bunju, kisha Mapinga na Kerege, na kila kituo alikuwa akikitaja kabla kondakta hajakitaja, kwa sababu alikuwa amevikariri ili ajue bado tuna umbali gani. Wadogo zake wakafanya mchezo wa kushindana naye. Bibi alikaa kiti cha mbele na hakulalamika.

Kaole tulianza nako mapema, jua lisije likamchosha bibi. Pale pana magofu ya misikiti ya zamani na makaburi yenye nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mji wa Waswahili uliostawi karne nyingi kabla Bagamoyo haijawa bandari kubwa. Bakuli na sahani za Kichina zilizopatikana hapo zinaonyesha biashara ilifika wapi. Anayetembeza wageni alieleza jinsi mikoko ilivyoziba njia ya bahari, vyombo visiweze tena kukaribia, na watu wakahamia palipo na pwani iliyo wazi. Binti aliuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza maji ya kunywa walipata wapi. Akapelekwa kwenye kisima. Mimi nilikuwa nimefika Kaole zamani na sikumbuki kuona kisima chochote.

Nafikiri ni kwa sababu siku ile sikuwa na kazi ya kuuliza. Mtu akijua kwamba baadaye wadogo zake watamgeukia yeye na kusema "dada, hiki nini?", macho yake hayapiti juu juu.

Mchana tulikwenda pwani, karibu na soko la samaki. Kuna mahali hapo mafundi huunda na kutengeneza majahazi na mashua mchangani. Mimi ni mtu wa pwani, mashua nimeziona maisha yangu yote, na ningepita. Binti akasimama kwa mzee mmoja aliyekuwa amechutama chini ya ubavu wa mashua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmetoka Dar?"

"Ndiyo, babu. Nilikuwa nauliza, hizi mbao za ndani mmezipindaje?"

Mzee akaweka tezo chini. Akamwonyesha mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, halafu mataruma, zile mbavu. Akamwambia mataruma hayapindwi. Fundi huzunguka mashambani kutafuta mwembe au mti mwingine wenye tawi lililojipinda lenyewe kwa kiasi anachokihitaji, akapima kwa macho, akanunua tawi. Mbao za pembeni hupigiliwa baadaye, kufuata mbavu. Kisha akamwita asogee aone kalafati. Pamba ilikuwa imesokotwa kama utambi, imelowa mafuta, na mzee alikuwa akiishindilia katika nafasi kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti, pigo dogo dogo, mfululizo. Alipofika kwenye kona ya ubao alipunguza nguvu mpaka sauti ikabadilika. Akampa binti nyundo. Binti alipiga mara ya kwanza, pamba ikatoka nje. Mzee akamshika kifundo cha mkono, akamrekebisha, wakaenda pamoja kiasi cha shubiri moja. Akamweleza kwamba chombo kikiingia majini mbao hunywa maji zikavimba, zikaibana ile pamba, na hapo ndipo maji hukosa njia ya kuingia. Ndugu zake wawili walikuwa wamesimama midomo wazi, mikono imejaa ngisi wa kukaanga.

Hakuna kiingilio kwa jambo hilo, wala halimo katika orodha ya vivutio.

Kutoka hapo tulikwenda kwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868. Upo mbuyu pale ambao ndani ya shina lake mnajitokeza pingili chache za mnyororo. Wenyeji husimulia kwamba mama mmoja wa Kizungu aliufunga mnyororo huo kwa ajili ya kufungia punda wake, ukasahaulika, na mti ukanenepa ukaumeza. Wadogo walishindana kuigusa pingili ya mwisho. Lakini kilichotukalisha muda mrefu ni habari za msafara uliofika hapo Februari 1874, ukiwa umebeba mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na msafiri.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye wangeweza kumzika hapo na kutawanyika. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaanza kutembea kuelekea pwani, zaidi ya kilomita 1,500, kwa muda wa miezi tisa hivi. Walioongoza walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa Myao, aliyetolewa katika msafara wa watumwa akiwa mtoto mwaka 1861, na siku anaingia Bagamoyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Alikuwamo Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Alikuwamo Jacob Wainwright, kijana mwingine aliyesomea India katika shule ya watumwa waliokombolewa, na kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyechonga maneno kwenye mti wa Chitambo na kuweka kumbukumbu.

Sisi wakubwa tulifundishwa habari hii kama habari ya Livingstone. Binti yeye aliisikiliza kama mtu aliyetoka kupanga safari. Maswali yake yalikuwa: chakula walikinunua kwa kitu gani? Nani aliamua wapite wapi? Akiugua mtu, walimsubiri? Akaelezwa habari za hongo zilizotozwa na watawala wa njiani, za vijiji vilivyokataa maiti isipite, na jinsi walivyolazimika kuuficha mwili ndani ya mzigo ufanane na bidhaa ya kawaida. Akauliza tena, baada ya kazi yote hiyo walilipwaje? Ukweli ni kwamba walilipwa ujira wao wakaachiwa waende. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, akawa miongoni mwa waliolishika wakati wa mazishi Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma waliitwa huko baadaye, mazishi yamekwisha, wakasaidia kufafanua madaftari ya marehemu ili yachapwe.

Niliona uso wa yule mtoto ukibadilika aliposikia hilo. Aliandika kitu katika daftari lake, upande wa nyuma, mbali na hesabu za nauli. Sikumwuliza ameandika nini.

Na hapa niwakumbushe wasikilizaji jambo ambalo halisemwi sana. Kuandika habari za safari kwa Kiswahili si mambo ya jana. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri na Mjerumani mmoja mpaka Urusi na Siberia, na maelezo yake, pamoja na ya Waswahili wengine waliosafiri bara, yalichapwa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Mswahili katika baridi ya Siberia, anaeleza watu aliowaona kwa Kiswahili, miaka zaidi ya mia moja na ishirini iliyopita! Vijana wetu wana simu zenye kamera ambazo Salim asingeweza hata kuziota. Wapige picha, nani amekataza. Lakini mzazi, nunua na daftari la kurasa arobaini. Picha itamwonyesha amesimama mbele ya gofu, na daftari litamkumbusha aliuliza nini na akajibiwa nini.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua wapo mnaosema huyu mama anaongea kwa sababu anacho. Tuzungumze kwa takwimu. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ya mtu mzima kutoka Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Familia ya watu wazima wanne inalipa 124,000 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Hiyo ni karibu robo milioni kabla hamjanywa hata soda. Kwa nyumba nyingi fedha hiyo ni kodi au ni ada. Basi usiende Dodoma. Panda pantoni uende Kigamboni. Nenda Makumbusho ya Taifa pale karibu na Bustani ya Botania, ambako kunahifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mkazi wa Morogoro ana milima ya Uluguru juu ya kichwa chake. Mkazi wa Mwanza ana Kisiwa cha Saanane mbele ya mji. Anayesafiri kwenda Iringa au Mbeya kwa shughuli zake hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50 za barabara kuu, na twiga, pundamilia na tembo huonekana dirishani kwa nauli ile ile ya basi. Mkalishe kijana dirishani, umwambie ahesabu, aandike saa na upande aliowaona. Nchi hii imejaa mahali pa kwenda kwa fedha ya kawaida, na kiingilio cha mgeni katika hifadhi zetu ni kikubwa kuliko chetu. Tunaacha haki yetu mlangoni.

Hata hivyo, kama fedha ikipatikana, ile treni ni jambo la kumwonyesha mtoto. Sisi tulikwenda Dodoma tulipopata nafasi, na kazi ya tiketi ilikuwa ya binti: alikata kwa simu, akaingiza namba za vitambulisho, akahakikisha jina la bibi limeandikwa kama lilivyo kwenye kadi. Mdogo wake wa mwisho alipewa kazi yake pia. Kazi yake ilikuwa kumwuliza bibi, kwenye kila stesheni, zamani walinunua nini hapo.

Bibi amekulia Tabora. Reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyomleta pwani akiwa mwari, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Nimeishi na mama yangu miaka yote hii na habari zile sikuwa nimezisikia. Tulipopita Kilosa, treni ikaanza kuingia na kutoka katika mahandaki, akaanza kusimulia Mto Mkondoa ulivyokuwa ukifurika ukala tuta la reli, abiria wakalala ndani ya behewa wakisubiri, na wanawake wa vijijini wakaja na vikapu vya ndizi na mihogo. Akasimulia kuku wa Saranda, jinsi treni ilivyokuwa ikisimama usiku na wauzaji wakikimbia kando ya madirisha na sinia kichwani, na harufu ikitangulia kabla taa hazijaonekana. Zabibu za Dodoma, asali ya Tabora. Alitaja jina la msichana aliyekuwa akisafiri naye, rafiki yake wa shuleni, aliyeshuka Manyoni wakaagana na hawakuonana tena. Mjukuu akauliza: "Bibi, alikuwa mrefu au mfupi?" Akafikiri, akasema alikuwa mfupi, na alikuwa na mwanya.

Kwa treni ya sasa ni safari ya chini ya saa nne, na mwendo ule wa kasi hauruhusu muuza kuku kukaribia dirisha. Siulilii mwendo wa zamani. Mgonjwa wa Dodoma anawahi Muhimbili, mwanafunzi anawahi chuo, na hilo ni jema. Ila nasema mwenye kumbukumbu ya njia ile ya polepole bado yupo nyumbani kwenu, na mpandishe treni hiyo pamoja na wajukuu wakati magoti yake yanaruhusu.

Nina jambo jingine ambalo limenikaa kooni, na nitalisema bila kulizunguka. Nenda Coco Beach siku ya Idi Mosi au Desemba 26. Baba anaota upepo. Vijana wanapiga mpira, watoto wako majini. Mama je? Mama ameamka saa tisa usiku akachambua mchele, akakaanga kuku, akapika pilau, akafunga hotipoti, akabeba sahani, vijiko, maji ya kunawa na taulo. Sasa amekaa juu ya mkeka analinda viatu. Atapakua. Atakusanya vyombo. Jioni mtakaposema tumefurahi sana leo, yeye ataelekea karoni kuosha masufuria. Naye binti mkubwa yuko naye, anajifunza kwamba matembezi ya mwanamke ni kuhamisha jiko likaonje upepo wa bahari. Hili halikubaliki. Kijana akikabidhiwa safari, chakula kiingie katika mpango wake: nani atapika, au tutanunua mihogo ya kukaanga pale pale, nani atabeba, nani ataosha. Na kijana wa kiume ahusike sawasawa na dada yake. Nyumbani kwetu vyombo vya matembezi huoshwa na mume wangu na watoto wa kiume, na hotipoti hazijavunjika.

Wazazi wengine huniambia, mwanangu ana mtihani mwakani, likizo ni ya tuisheni. Namheshimu mzazi anayejinyima kwa ajili ya masomo ya mwanawe. Lakini likizo nzima ya Desemba, kuanzia siku shule inafungwa mpaka siku inafunguliwa, mtoto yuko katika chumba kingine akiandika maswali yale yale? Mpunguzie siku mbili. Historia ya biashara ya misafara aliyoikariri ataielewa akisimama Bagamoyo.

Kuhusu usalama, tusifumbe macho. Bahari inachukua watoto kila sikukuu. Asiyejua kuogelea asipite magotini, na mtu mzima mmoja abaki akitazama maji tu, bila simu. Bodaboda za kubeba watu watatu, hapana. Binti asiachiwe kwenda peke yake kuonana na mtu aliyempata kwenye simu eti ndiye mwongozaji wa watalii. Mawasiliano yote mzazi ayaone. Lakini hofu hiyo hiyo isitumike kumfungia msichana ndani wakati kaka yake anapewa ruhusa ya kwenda popote. Nimewaona wasichana waliofika chuo kikuu hawajawahi kukata tiketi ya basi kwa mikono yao. Hao ndio wanaodanganywa na wapiga debe siku ya kwanza wanapotoka.

Binti wetu sasa anapanga Kilwa. Hii ni kubwa kuliko zote, na amekuwa nayo wiki kadhaa. Anajua basi linaondokea Mbagala Rangi Tatu, linavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile la mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003, kisha Nangurukuru, mpaka Kilwa Masoko. Anajua Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Anataka kuuona Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, na mdogo wake anataka kujua kama sarafu za shaba za masultani wa Kilwa bado zinaokotwa. Amesema tulale siku mbili, kwa sababu kuvuka kwa mashua kunategemea upepo na maji kujaa, na hataki tukose kisiwa kwa kuharakisha.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao. Mume wangu aliuliza kama bibi aachwe kwa shangazi, kwa kuwa mtu hulazimika kukanyaga maji kabla ya kupanda mashua. Binti akasema ameshaulizia, ipo mashua yenye ngazi, na nahodha ameahidi kuisogeza ufukweni maji yakijaa. Bibi akasema kama ni hivyo anakwenda, na anataka kukaa upande wenye kivuli. Limeandikwa. Mimi nimepangiwa kutoa nauli ya bibi kabla ya tarehe 20, na mume wangu amepangiwa kubeba maji ya kunywa.